Kilti au sketi: mwanamume avae ipi mitaani?

Kwa gharama, sketi inashinda bila ubishi. Kilti kamili, vazi la marinda la wanaume wa Uskoti linalofanana na sketi, hula karibu mita 7 za kitambaa cha sufu, na marinda yake kwa desturi hushonwa kwa mkono. Kufua nako, sketi ya pamba unaiosha nyumbani. Kilti ya sufu ni ya dobi.

Upepo ukivuma mambo hugeuka. Uzito wa marinda huituliza kilti, sketi nyepesi hupeperuka. Ila ukitaka kuketi, pitisha kiganja nyuma ulaze marinda kwanza, la sivyo yatajikunja vibaya.

Kubwa zaidi ni macho ya watu. Kilti ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1746, ikaruhusiwa tena 1782, na leo Waskoti huoa nayo. Sketi haina historia ya kuitetea, hivyo anayeivaa huandamwa na maswali. Naona si haki hata kidogo: zote ni kitambaa kilichozungushwa kiunoni.

Kwa baridi na sherehe, chukua kilti. Kwa joto na mizunguko ya kila siku, sketi. Ukihofia macho, anza na kilti ya pamba yenye mifuko.