Seti ya gesi ya Impco 425 kwa V8 kuukuu ya mashindano

Kwenye Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini nchini Kenya, anayeshinda ni aliyefika vituo vyote 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo korongo halizungukwi, linapandwa. Hapo ndipo kabureta huiaibisha V8 kuukuu. Gari likilalia ubavu, petroli iliyo kwenye bakuli la floti humwagikia injini au huzikimbia jeti, na injini huzima. Seti ya Impco huendesha injini kwa gesi ya propeni badala ya petroli: mixa ya 425 inayochanganya gesi na hewa, konvata ya Model E inayoigeuza gesi kuwa mvuke, na vali ya VFF30 ya kufunga gesi. Hazina bakuli wala floti, na zinaitosha Chevrolet 350 ya lita 5.7. Kwa kazi hiyo, pesa yake ni halali.

Kazi huharibikia kwenye konvata. Propeni ikigeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke hunyonya joto jingi, hivyo konvata lazima ipitishiwe maji moto ya injini. Ifungwe wima, chini kuliko sehemu ya juu ya redieta, isije ikakaa na hewa ndani. Ukiiona imeganda barafu, usiichokoze mixa. Kagua thermostati na paipu za maji. Kiwambo cha konvata kitazame ubavuni mwa gari. Kikitazama mbele, kila ukishika breki mchanganyiko unayumba.

Mtungi wa jikoni wa kilo 13 usahau: unatoa mvuke, na konvata hii inataka gesi ikiwa kimiminika. Tafuta wa forklifti wa kilo 15, ulale huku pini ya kishikizo ikiwa kwenye tundu la mtungi ili vali ya usalama ibaki upande wa mvuke, na usijazwe kupita asilimia 80. Hata huo una kikomo chake: gesi ikibaki robo na gari likiinama vibaya, mrija wa ndani huvuta mvuke na nguvu hukatika.

Taimingi ya cheche ya mwanzo iongezwe, ya jumla ishushwe hadi digrii 28 au 30. Plagi ziachwe mwanya wa milimita 0.9 na nyaya ziwe mpya, maana injini ikilipukia kwenye mixa, kiwambo cha mixa hupasuka. Skurubu ya mixa yenye alama za L (gesi kidogo) na R (gesi nyingi) irekebishwe gari likivuta mzigo.

Lawama zipo. Mixa ni ndefu, mara nyingi bonneti hukatwa. Lita zinazoliwa huzidi za petroli kwa karibu robo. Vichwa vya silinda vya enzi ya petroli yenye risasi vinadai viti vigumu vya vali. Tena gesi ni nzito kuliko hewa: gari lisisimame juu ya shimo la gereji kabla kila kiungo hakijapakwa povu la sabuni.