Pub ya Flutter: inakukatalia, lakini angalau inakuambia kwa nini

Nimetumia Flutter, ile ya Google ya kutengeneza apu za simu, karibu miaka mitatu na watu wakiisifu huwa wanasifu animesheni na hot reload (ukibadilisha kodi unaiona kwa apu hapo hapo), hakuna mtu husema kitu kuhusu pub, ile kitu inayokuletea pakeji (kodi iliyoandikwa tayari na watu wengine) kwa projekti. Mimi naipatia nyota nne kwa tano, na zote nne ilizipata usiku mmoja nikiwa kwa nyumba huku Zimmerman.

Iko hivi. Kuna mzee ana duka la vipuri vya gari Kirinyaga Road, jamaa mwingine alimwanzishia apu akaiacha katikati na hashiki simu, so nikaitwa nimalizie. Nikavuta projekti, nikapandisha Flutter ya laptop yangu ikawa mpya (hapo ndipo nilijichokoza mwenyewe), nikaandika flutter pub get, ile amri ya kuleta pakeji zote, nikaenda kuteka chai. Kurudi nakuta maandishi yamejaa skrini na mwisho wake version solving failed, yaani imekosa vesheni za pakeji zinazopatana.

Sasa ukiona hiyo mara ya kwanza unapaniki, unafuta faili ya pubspec.lock, unarun flutter clean ya kufuta bildi ya zamani, unaanza maombi. Usifute lock bana! Ndiyo inakumbuka hii kitu ilikuwa inafanya kazi na vesheni gani, ukiifuta umechoma ushahidi. Soma tu pole pole. Yangu ilikuwa inasema hivi, nikiiweka kwa Kiswahili chetu: flutter_localizations inayokuja na Flutter yenyewe inataka intl (pakeji ya lugha na tarehe) 0.19.0 na si ingine, wewe kwa pubspec, faili ya kuorodhesha pakeji unazotaka, umeandika intl ^0.18.0, basi haiwezekani. Kale kamshale ^ hapo kanamaanisha kuanzia 0.18.0 hadi kabla ya 0.19.0, so 0.19.0 yenyewe imefungiwa nje ya mlango.

Hapo ndipo nilianza kuipenda. Pub inakubali vesheni moja tu ya kila pakeji kwa apu nzima, ni kama kiti cha dereva kwa matatu. Kule kwa React Native, mshindani wa Flutter, npm ndiyo pub yao, na inaweza kuweka vesheni mbili za kitu kimoja ndani ya node_modules, folda ya pakeji zake, ndio maana hiyo folda hunenepa vile, na zile peer dependencies (pakeji ambazo pakeji ingine inadai uwe nazo) zikigongana tangu npm 7 inakutupia kosa la ERESOLVE na kila mtu unayeuliza anakwambia weka --legacy-peer-deps ipuuze huo mgongano uendelee na maisha. Gradle nayo, ile inayojenga apu za Android, kwa kawaida inachagua vesheni ya juu zaidi kimya kimya, na saa zingine unajua kuna shida wakati apu imekrashi kwa simu ya mteja. Pub inagoma hapo hapo mlangoni. Hesabu inayotumia inaitwa PubGrub, ilitoka 2018, na utamu wake ni kwamba inatunza sababu ya kila mgongano, ndio maana inaweza kukusimulia nani amekosana na nani na kupitia kwa nani.

Nikabadilisha laini yangu ikawa intl: any, maana Flutter imeshaamua, wacha iamue. Nikarun tena. Kumbe kuna pakeji ya kalenda, nayo imeng'ang'ania 0.18. flutter pub outdated ikanionyesha safu zake za Current, Upgradable, Resolvable na Latest, na kwa kalenda zote ni namba moja, yaani mwenyewe aliisahau kitambo na hakuna mpya inakuja. Saa saba usiku nikaweka dependency_overrides, ile ya kulazimisha vesheni, intl 0.19.0, ikanyamaza. Lakini ujue hapo umeiziba tu mdomo, hakuna mtu alijaribu hiyo kalenda na hiyo intl, ni bahati yako. Mimi ilikubali, ila wiki mbili baadaye niliitoa yote nikatumia showDatePicker, kalenda ya kuchagua tarehe ya Flutter yenyewe, na wala mzee hakuona tofauti.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu hii: pub ikisema sawa unadhani umemaliza, kumbe upande wa Android haujui kabisa. Kuna plagini nzee (pakeji yenye kodi ya Android ndani) haikuwa imeandika namespace, jina lake la utambulisho, kwa build.gradle yake na Android Gradle Plugin kuanzia 8 haitaki kusikia, so bildi ikaanguka baada ya Gradle kukula bundles zangu zote nikidhani niko mwishoni. Saa mbili asubuhi simu inalia.

"Kijana, hiyo kitu iko wapi?"

"Inamalizia mzee, dakika kidogo."

Ilikuwa asilimia sifuri. Nimebaki na hotspot ya jirani na siwezi kumwambia nimetumia gigi ngapi.