Tathmini: Python kwa Daftari la Wanachama wa Ushirika

Nimeitathmini Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kama chombo cha kutunzia kumbukumbu za chama cha msingi cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma, ambako katibu hulazimika kuoanisha namba za vitambulisho vya taifa, kilo zilizopokelewa na fedha anazodai kila mwanachama. Nililopima kwa makini zaidi ni usahihi wa namba, kwa kuwa daftari likikosea namba, anayedhulumiwa ni mkulima.

Kwa namba nzima sikuona dosari. Kitambulisho cha taifa kina tarakimu 20, zikianza na tarehe ya kuzaliwa, hivyo namba yake haienei hata katika biti 64, nafasi ambayo kompyuta nyingi huitengea namba nzima kubwa. Python huongeza nafasi kadiri namba inavyokua na kuihifadhi hadi tarakimu ya mwisho. JavaScript, inayoendesha fomu nyingi tunazojaza kwenye simu, kwa kawaida huhifadhi kila namba kama desimali inayoelea, yaani namba inayotunza tarakimu chache za mwanzo na kukadiria zinazozidi, na usahihi wake wa namba nzima unaishia 9,007,199,254,740,991. Ukiiandikia 20000000000000000001 inakurudishia 20000000000000000000 bila onyo lolote. Katika ukubwa huo, namba inazoweza kuzihifadhi zimeachana kwa 4,096, kwa hiyo wanachama wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinatofautiana kwenye tarakimu tatu za mwisho tu, wanaweza kugeuka mtu mmoja daftarini na malipo ya mmoja yakaingia kwa mwenzake. BigInt, aina ya namba nzima isiyo na kikomo hicho, iliyoingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2020, ni tiba nzuri, ila haifui dafu iwapo JSON.parse, amri inayosoma data iliyotumwa kama maandishi, imekwisha kuiharibu namba. Katika lugha zote, salama zaidi ni kuhifadhi kitambulisho kama maandishi, maana hakuna anayejumlisha vitambulisho.

Kwenye fedha sifa zangu zinapungua. Python nayo hujibu 0.1 + 0.2 kuwa 0.30000000000000004, na alama ya / hutoa desimali inayoelea hata unapogawanya namba nzima mbili. Kwa mgawo wa ziada napendekeza divmod, amri inayotoa jibu zima la mgawanyo pamoja na baki: shilingi 1,000,000 kwa wanachama 300 ni 3,333 kwa kila mmoja, na zinabaki 100 ambazo mkutano mkuu utaamua ziende wapi. Kwa riba, Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama zilivyoandikwa, inafaa, mradi uandike Decimal('0.1') pamoja na alama za nukuu, ukiziacha, kosa lilelile la desimali inayoelea linaingia pamoja na namba.