Picasa, Google Photos na digiKam: uzoefu wangu na picha za nyumba yetu Wete

Mwaka 2012 kaka yangu alipokuja likizo kutoka Unguja alituwekea Picasa, programu ya Google ya kupangia na kutengenezea picha, kwenye kompyuta ya mezani hapa nyumbani Wete, Pemba. Tulikuwa tumeshaskeni picha mia mbili na kitu kutoka albamu ya bibi. Basi kila siku baada ya isha nikikaa naye, yeye anaishika picha kwa ncha za vidole na kunitajia: huyu ami yako mkubwa, huyu mkewe wa mwanzo, huyu aliyeinama kuokota makonyo ya karafuu ni mtoto wa jirani, walihamia Tanga. Mimi naandika chini ya picha, pale pa maelezo. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na aliyoyataja siku zile hakuna mwengine nyumbani ayajuaye yote. Kwa hivyo mtu akiniuliza programu gani ya picha ni nzuri, jambo la kwanza ninalomuuliza mimi ni: maelezo utakayoyaandika yatakaa wapi?

Picasa ilikuwa nyepesi, na hata mtu asiyejua kompyuta aliielewa kwa siku moja. Unakata pembe, unanyoosha picha iliyopinda, unaongeza mwanga, na picha ya asili inabaki ilivyo. Google waliiacha Machi 2016. Mwaka uliofuata umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta ikafa. Folda ya picha ilikuwa imenakiliwa kwenye diski ya nje, lakini programu haikuwepo tena, na nikaamini maneno ya bibi yamekwenda nayo.

Nikahamia Google Photos kwenye simu. Kwa kutafuta picha, sijaona mfano wake. Unaandika "pwani" au "keki" na picha zinakuja. Dada yangu aliye Muscat alikuwa akiziona picha za Idi jioni ile ile. Nikapandisha picha nyingi, na nikaendelea kuandika maelezo huko huko, safari hii nikimuuliza mama na khaloo, dada yake mama. Wakati ule nafasi ilikuwa bure bila kikomo kwa picha zilizopunguzwa ukubwa. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa katika GB 15 za bure, na GB hizo ni za Gmail na Drive pia. Kwangu zilijaa mwaka 2023, na barua pepe za skuli zikaacha kuingia. Kulipa kila mwezi ningeweza, ila nilijiuliza nikishindwa mwezi mmoja itakuwaje. Nikaomba picha zangu zote kwa kutumia Takeout, huduma yao ya kutolea data.

Hapo ndipo nilipoumia. Picha zilikuja kamili, lakini maneno niliyoyaandika hayakuwa ndani yake. Yalikuja pembeni, kila picha na kijifaili chake cha JSON, maandishi yaliyojaa mabano na tarakimu. Ukiichukua picha peke yake ukampelekea mtu, maelezo hayaendi nayo.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mwenzangu akanionyesha digiKam. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Nikaifungulia ile diski kuukuu ya mwaka 2012. Chini ya picha ya kwanza yakatokea maneno: "Kuanika karafuu, nyuma ya nyumba ya zamani, kabla ya paa la bati." Ni maneno ya bibi, kwa mwandiko wangu wa wakati ule, na makosa yake ya herufi. Nikapitisha ya pili, ya tatu, yote yamo. Nilimwita mama, tukakaa mpaka saa tano usiku.

Sababu yake ni kwamba Picasa ilipokuwa ikiandika maelezo ya picha ya JPEG iliyaandika ndani ya faili lenyewe, katika sehemu iitwayo IPTC, ambayo programu nyingine zinajua kuisoma. Majina tuliyoyabandika kwenye nyuso ndiyo hayakutokea, maana hayo Picasa iliyaweka pembeni kwenye kifaili chake, isipokuwa ukiibadilishia mipangilio. Sisi hatukujua. Bahati nzuri bibi alikuwa akitaja watu kwa mpangilio kutoka kushoto.

Maelezo ya Google Photos niliyahamisha kwa mkono, nakili bandika, wiki tatu. Wanaojua kuandika amri za kompyuta wanatumia ExifTool, programu ya kuandika habari ndani ya mafaili ya picha, na kazi huisha mara moja. Ukiwa na mtoto anayesomea kompyuta, mpe hiyo.

Sasa digiKam yenyewe. Ina vitufe vingi mno na mama hawezi kuitumia. Kwenye laptopu yangu yenye RAM ya GB 4 inachelewa kufunguka, na nilipotaka itambue nyuso ilidai kwanza kupakua mafaili yake, ikanilia bando. Pia usianze kuandika kitu kabla hujaingia kwenye mipangilio ya metadata, yaani habari zinazokaa ndani ya faili la picha, na kuhakikisha imeruhusiwa kuandika maelezo na majina ya nyuso ndani ya mafaili. Ukishafanya hivyo, picha inajibeba na habari zake, na siku digiKam nayo ikifa hutapoteza neno. Kwangu mimi hilo linafuta aibu zake zote.

Mama nimemuwekea IrfanView, programu ya kutazamia picha, ile ya Irfan Škiljan iliyotoka mwaka 1996. Inafunguka papo hapo hata kwenye mashine dhaifu. Anabonyeza mshale, picha inapita.

Kwa kutengeneza picha natumia Snapseed ya simu, bure na bila matangazo. Picha zetu za rangi za miaka ya sabini zimegeuka nyekundu, kwa sababu rangi ya samawati ndani ya karatasi zile hufifia mapema kuliko nyingine. Naingia kwenye White Balance, nachukua kile kidonezi na kukiweka juu ya kanzu nyeupe ya mtu, na picha nzima inarudi. Madoa ya kuvu nayafuta kwa Healing yakiwa ukutani au mchangani. Usoni siyagusi. Niliwahi kufuta doa shavuni mwa babu ikaondoka na ncha ya jicho lake. Hizi programu mpya zinazodai kusafisha sura kwa akili bandia nazikataa kabisa, kwani zinachora macho ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa kwetu.

Kuskeni nako kuna mambo. Nilianza kwa kupeleka albamu moja kwenye duka fulani, wakanirejeshea picha kwa WhatsApp, zimebanwa, hazina tarehe, ukizikuza unaona vigae. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Sasa nazifanya mwenyewe kwa skana ya kuazima, dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, mbele na nyuma. Nyuma ya picha moja ya arusi nilikuta muhuri wa Capital Art Studio, ile studio ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa 1930, na hapo tukajua arusi ile ilipigwa picha Unguja, si Pemba kama tulivyodhani. Picha zilizogandana na kioo kwa unyevu wa masika usizibandue. Ziskeni juu ya kioo hicho hicho.

Liko jambo jingine ambalo wanaosifia wingu, yaani kuweka picha mtandaoni, hawalitaji. Nusu ya picha zetu ni za wanawake arusini, vichwa wazi, wamepambwa hina na asumini. Albamu ya Google Photos ukiituma kwa kiungo, yeyote atakayekipata kiungo anaweza kuifungua. Wifi yangu aliniambia, "Dada, picha yangu ya singo sikupiga kwa ajili ya simu ya mtu." Singo ni kule kusingwa kwa bibi arusi. Ana haki. Picha hizo tumeziacha kwenye diski mbili tu, moja kabatini hapa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, nyingine kwa kaka Unguja. Akija Idi tunazilinganisha. Google Photos nimeibakisha kwa picha za watoto na za mchezo wa ng'ombe, ambazo dada wa Muscat anazipenda.

Mpaka leo nimemaliza picha mia sita na arobaini. Iliyobaki mezani ni ya mvulana mwenye kofia kubwa, amesimama mbele ya gari la abiria bandarini Mkoani. Mama hamjui. Nimemwandikia maelezo ndani ya faili: "Hajulikani. Aulizwe khaloo akija kutoka Mtambwe."