Nimekagua leseni ya Windows kwenye laptop ya mtumba: tazama hii kabla hujamlipa fundi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Mezani leo nina laptop hii hapa. Ni mtumba, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Mashine yenyewe haina shida, betri inakaa na kibodi iko vizuri. Nataka tukague kitu ambacho wengi wetu hatukikagui tukiwa dukani, yaani leseni ya Windows iliyokuja nayo.

Laptop ni ya dada yangu, anaishi Morogoro. Anafanya kazi za stationery nyumbani, meza yake iko sebuleni. Anawajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB, anawafungulia akaunti za Ajira Portal, anachapa barua na CV. Tuliinunua Kariakoo, na muuzaji akatuhakikishia kwamba Windows hii ni ya maisha. Baada ya miezi sita dada ananipigia simu: "Mdogo wangu, kuna maandishi yametokea huku pembeni, hayafutiki."

Haya, sogeeni muone, hapa chini kulia. "Activate Windows," yaani Windows inataka iamilishwe, ithibitishwe kwamba ina leseni halali. Ukifungua barua yapo, ukifungua picha yapo. Fundi wa mtaani kwake alitaka elfu thelathini ayaondoe. Nikamwambia dada, usimpe mtu hata mia, niletee kwanza.

Twende pamoja. Bonyeza Start, andika cmd, ni dirisha la kuandikia amri, ifungue. Andika slmgr, acha nafasi, weka mkwaju (/), malizia na dli. Piga Enter. Subiri kidogo... kidirisha hicho kimetokea. Maneno ni mengi, lakini wewe tafuta mstari wa Description. Wa kwetu unasomeka VOLUME_KMSCLIENT. Yale maneno ya "Windows ya maisha" yameishia hapo.

Hii ni leseni ya maofisi. Kampuni au chuo kinakuwa na seva yake, na kompyuta za pale zinaripoti kwenye seva hiyo, nazo lazima zifike angalau 25 ndipo ikubali kuziamilisha. Kila ikiamilishwa, kompyuta inapewa siku 180, na ikiwa bado iko kwenye mtandao wa ofisi inajiongezea muda yenyewe, mtumiaji hata hajui. Sasa sebuleni Morogoro seva hiyo itoke wapi? Dukani walipitisha programu ya kukraki, yaani ya kukwepa leseni, inayojifanya ndiyo seva. Siku 180 zikakatika, haikupata pa kuripoti, maandishi yakajitokeza. Ndiyo ile miezi sita ya dada.

Maandishi peke yake yasingeninyima usingizi. Windows isiyoamilishwa bado inafanya kazi, utakosa kubadilisha picha ya skrini na rangi na vitu vya namna hiyo. Kilichoniumiza ni hiki hapa. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, fungua Manage settings, shuka mpaka chini kabisa kwenye Exclusions. Mnaona palivyoandikwa? C:\. Diski nzima! Yaani antivirasi imeambiwa isiguse chochote kilichomo humu. Programu za kukraki huwa zinadai hivyo ili zisikamatwe, na mlango ukishaachwa wazi hauchagui nani apite. Miezi sita yote dada ameingiza humu namba za NIDA za watoto wa watu, vyeti vyao vya kuzaliwa, nywila zao. Tumekaa jioni nzima tukibadilisha nywila zake, na wateja wake amewapigia mmoja mmoja wabadilishe za kwao. Watu wamemwamini na taarifa zao, ilibidi waambiwe.

Sasa kuna jambo ambalo lingetuepusha na haya yote. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri lililomo kwenye Windows, andika amri hii, nimeiweka kwenye skrini:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Umetoka ufunguo, herufi na tarakimu 25, makundi matano. Wangu nimeufunika, na wewe wako usimwonyeshe mtu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi wanauweka ufunguo ndani ya mazabodi (motherboard) kulekule kiwandani. Kwa hiyo leseni halali, ya Windows Pro, ilikuwa humuhumu siku zote! Duka likapiga Enterprise juu yake, toleo la maofisi ambalo ufunguo huu hauliamilishi.

Nilichofanya: nikahamisha mafaili ya dada na kuyaskani kwenye kompyuta nyingine, nikashusha Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, nikaiweka kwenye flashi ya GB 8. Jipange na bando, ni zaidi ya GB 5. Nikafuta diski yote, nikapiga Windows upya. Haikuniuliza ufunguo hata mara moja, iliusoma yenyewe kwenye mazabodi. Nikaunganisha intaneti, nikaandika slmgr /xpr, ikajibu: "The machine is permanently activated." Na ile Description sasa inasomeka OEM_DM, yaani leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani.

Office, yaani Word, Excel na wenzake, ni leseni nyingine kabisa, hili linawachanganya wengi. Dada nimemwekea LibreOffice, ni ya bure. Barua zinafunguka vizuri, ila CV zenye visanduku vingi mpangilio unaweza kusogea, kwa hiyo anazituma kwa PDF.

Na zile funguo za elfu ishirini mtandaoni? Sizipendekezi. Bei ya Microsoft kwa Windows 11 Home ni dola 139. Ufunguo wa bei ya chee namna hiyo mara nyingi ni wa maofisi, au umeshauzwa kwa watu kibao, ndipo unakutana na kosa 0xC004C008, maana yake umetumika kupita idadi inayoruhusiwa.

Kama mazabodi yako ilishabadilishwa, amri ile huenda isilete kitu. Na kama ufunguo wako ni wa Windows 7 au 8, Microsoft ilishafunga njia ya kuutumia kuamilisha Windows 11 Septemba 2023. Hapo bora ukae na yale maandishi pembeni, au uweke Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kuliko kukraki.

Ukienda kununua, usitoe hela kwanza. Mwambie muuzaji, kaka, naomba nifungue cmd. Andika slmgr /dli mbele yake, msome wote wawili.