Katikati ya Dar kwa miguu: anzia Feri, malizia Makumbusho

Matembezi ya katikati ya Dar es Salaam ni mazuri kuliko yanavyosifiwa, ila yanaharibiwa na mpangilio. Wageni wengi hupelekwa kwanza kwenye Sanamu ya Askari saa 4 asubuhi, wakafika Feri, kwenye soko la samaki, jua la utosini, mnada umeshapoa na sakafu inanuka. Geuza njia. Panda basi la Mwendokasi mpaka kituo cha mwisho cha Kivukoni, uwe sokoni saa 1 asubuhi. Mzunguko wote ni kama kilomita 4.

Soko la samaki ndilo sehemu bora ya safari hii. Samaki humwagwa mezani kwa mafungu: changu, kolekole, pweza, wakati mwingine jodari mmoja anayejaza meza peke yake. Mnadi anataja bei, wachuuzi na mama lishe wanapandisha kwa kutikisa kichwa tu, na fungu linaondoka kabla mgeni hajaelewa nani kanunua. Simama nyuma ya wanunuzi, usizibe njia ya wapagazi. Vaa viatu vya kufunika vidole vyenye soli isiyoteleza, maana maji na magamba yako kila mahali. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ikulu iko jirani, na huko simu ibaki mfukoni kabisa. Kwa kifungua kinywa, samaki wa kukaanga wa hapo hapo wanatosha. Uliza bei kabla hajawekwa kwenye sahani.

Fuata Barabara ya Kivukoni, bandari ikiwa kushoto kwako. Kanisa la Kilutheri la Azania Front linatazama maji. Mbele kidogo kwenye Sokoine Drive kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, nalo la enzi ya Wajerumani. Jumapili makanisa yote mawili yana ibada na maduka mengi yamefungwa, hivyo Jumamosi ni siku nzuri zaidi. Eneo la boti za Zanzibar lina madalali wa tiketi wasiokata tamaa. Kama unasafiri, nunua dirishani tu. Kama husafiri, sema "asante" na uendelee kutembea.

Boma la Kale lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, wakati wa Sultani Majid, kwa mawe ya matumbawe. Ukuta wake mnene unaeleza mwanzo wa jiji hili kuliko kibao chochote. Kutoka hapo panda Barabara ya Morogoro mpaka Barabara ya Samora. Angalia pande zote mbili kabla ya kukatiza njia ya Mwendokasi: mabasi hayo huja kutoka kulia na kushoto, na kwa kasi.

Samora ni nusu nzuri, nusu kero. Baraza za maduka zinakupa kivuli, lakini njia ya miguu inakatika ghafla kwa magari yaliyoegeshwa au mfuniko wa mtaro uliovunjika. Mkoba uwe upande wa ukuta, kwa sababu wakwapuzi wa pikipiki hupitia upande wa barabara.

Sanamu ya Askari, ya kuwakumbuka askari Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyozinduliwa mwaka 1927, iko katikati ya kipilefti. Subiri magari yapungue, uvuke, uzunguke kitako chake chote: maandishi yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Singe ya bunduki imeelekea bandarini. Wengi hupiga picha ng'ambo ya barabara na kuyakosa hayo yote.

Endelea na Samora mpaka Bustani ya Mimea, ukae chini ya miti dakika 15, unywe dafu kama muuzaji yupo. Makumbusho ya Taifa yako jirani, Mtaa wa Shaaban Robert. Ukifika baada ya saa 4 yameshafunguliwa, na joto kali utalimalizia ndani. Kiingilio cha raia na cha mgeni ni tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho. Anza na ukumbi wa asili ya binadamu, unaoeleza Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kisha magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Tenga saa moja na nusu. Vyoo vya kuaminika viko hapa. Njiani ni vichache, basi usinywe maji mengi Feri ukategemea Samora.