Mti wa kushikilia tanga la mbele: ununue upi kwanza?

Januari, unashuka kutoka Kilifi kwenda Mtwapa, kaskazi iko mgongoni. Safari tamu, ila tanga la mbele halitulii. Tanga kuu limelizibia upepo: linanywea, linajaa ghafla, paa! mlingoti mzima unatikisika. Mwenye jahazi hana shida hii, foromali yake, ule mti wa juu unaoshika tanga, inalibeba hata upepo ukitoka tezi, yaani nyuma ya chombo. Sisi wa boti za mlingoti mmoja na tanga la kukunja kwa rola tunahitaji mti: ncha moja inashikwa na mlingoti, nyingine inaisukuma pembe ya tanga nje, upande wa pili wa tanga kuu, boti iende imefungua mabawa.

Mpangilio huu wa miti, kuanzia unaofaa zaidi, ni wa boti ya futi 28 hadi 34 yenye mabaharia wawili. Kabla hujatoa pesa, pima kutoka uso wa mlingoti hadi pale waya wa mbele unapofungwa kwenye sitaha. Boti ya futi 30 mara nyingi ina kati ya mita 3.5 na 4. Hicho ndicho kipimo chako cha kuanzia.

Namba moja kwangu ni bomba la alumini la urefu mmoja, lisilorefuka wala kufupika. Wengi watabisha, kwa kuwa tanga kubwa la mbele lina ukingo wa chini mrefu kuliko mti huo. Ni kweli. Lakini dawa ipo: likunje mizunguko michache kwenye rola mpaka lilingane na mti, na upepo ukiwa wa nguvu ungelipunguza hata hivyo. Bomba la milimita 60 lenye unene wa milimita 2 lina takriban kilo moja kwa mita, kwa hiyo mtu mmoja anaubeba mti wa mita 4 bila kuomba msaada. Na hauna cha kufyatuka.

Ukiupata uliotumika, chukua, ila uukague. Uviringishe sakafuni, ukirukaruka umepinda. Pitisha kiganja katikati: mti huu husukumwa kwa urefu wake, na bonyeo dogo la katikati ndipo utakapokunjika. Tazama ribiti za ncha. Unga mweupe pembeni yake maana yake alumini inaliwa na chumvi. Mwisho vuta pini ya mdomo, kile kishikio cha kwenye ncha kinachobana kamba, mara kumi. Ikikwama dukani, usiku baharini itakutoa machozi. Halafu hakikisha ncha ya ndani inaingia kwenye jicho la mlingoti wako, maana ukubwa hutofautiana.

Namba mbili ni mti wa kurefusha, bomba ndani ya bomba. Forespar ya Marekani na Seldén ya Sweden wanatengeneza. Unafaa kwa mwenye tanga kubwa anayetaka kulitumia lote. Chagua unaorefushwa kwa kamba, si wa kusokota. Wa kusokota uliwahi kuniaibisha nje ya Takaungu: chumvi ilishaingia kwenye kufuli, upepo ulipoongezeka mti ukaanza kurudi ndani taratibu kama kobe anayeficha kichwa, na tanga likawa mkoba. Ukiwa nao tayari, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi kila safari na usiurefushe mpaka mwisho.

Namba tatu ni mvinje. Usicheke. Mti ulionyooka, uliokaushwa kivulini, ukamenywa na kupakwa mafuta, utakufikisha, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya alumini. Fundi wa chuma akuchomelee mdomo wa chuma kisichoshika kutu. Kasoro ni uzito. Mwanzi ni mwepesi zaidi lakini hupasuka kwa urefu; ufunge kamba nyembamba kati ya kifundo na kifundo. Mkoko uachie nyumba.

Mkia ni kaboni. Mwepesi mno, mgumu mno, na bei yake waachie wa mashindano. Kwetu utasuguana na nyaya za pembeni, na jeraha lake huwezi kulipeleka kwa fundi yeyote wa gati. Upondo wa kukamatia boya hauhesabiki humu kabisa.

Bajeti yako isiishie kwenye mti. Weka pesa ya kamba tatu: ya juu ya kuuinua, ya mbele ya kuuvuta chini, ya nyuma ya kuuzuia usikimbilie mbele. Wanaobana pesa huacha demani, kamba ya kuvutia pembe ya tanga, peke yake ishike mti, kisha boti ikiyumba ncha inachota maji na mti unavunjika, au unagonga waya wa pembeni. Zikikazwa zote tatu, mti unasimama wenyewe, tanga liwepo lisiwepo.

Demani ipite ndani ya mdomo, usifunge pembe ya tanga kwenye mti. Mdomo utazame juu, ili ukifungua pini kamba itoke yenyewe mti unaposhuka. Na wingu jeusi likiota nyuma yako, usikimbilie sitaha ya mbele: legeza demani, kunja tanga, mti ubaki umesimama mtupu. Mvua ikipita, unalivuta tena bila kutoka kwenye usukani.